Uyoga wa Dawa wa Wachina: Nini cha Kuamini, Nini cha Kulima

Leo hatuzungumzi habari za mahindi wala mihogo. Tunazungumza habari za zao ambalo halitaki ekari wala jembe, na ambalo laweza kustawi katika chumba kimoja cha nyumba ya Uswahilini. Zao lenyewe ni uyoga. Lakini kabla ya kufika kwenye namna ya kuulima, yatupasa kwanza tuyapime maneno yanayosemwa juu yake, kwa sababu siku hizi maneno yameupita uyoga wenyewe.

Ukitembea hapa Buguruni, kuanzia sokoni mpaka Malapa, hukosi kukutana na mtu mwenye mkoba wa dawa. Ndani yake mna unga wa uyoga, vidonge vya uyoga, hata kahawa iliyotiwa uyoga. Atakwambia Wachina wameutumia kwa miaka elfu mbili. Atakwambia unatibu kisukari, presha, pumu, saratani na vidonda vya tumbo, tena kwa mara moja. Wako wanaonunua. Na wako wanaotufuata sisi mabwana shamba na mabibi shamba wakisema, "Kama ni uyoga tu, si tuulime wenyewe tukauze dawa?"

Maswali hayo mawili, la mnunuzi na la mkulima, ndiyo tutakayoyajibu leo. Hebu tuyachukue hatua kwa hatua.

UYOGA NI KITU GANI?

Uyoga si mmea. Hauna rangi ya kijani, na hauwezi kujitengenezea chakula kwa jua kama mchicha unavyofanya. Uyoga ni jamii ya kuvu, ndugu wa ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Mwili wake hasa ni nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, ambazo hujificha ndani ya gogo, majani yaliyooza au udongo, zikila polepole. Kile tunachokichuma na kukiita uyoga ni mfano wa tunda. Kwa hiyo ukichuma uyoga, umechuma embe. Mwembe wenyewe bado uko ndani ya gogo.

Kwamba kuvu laweza kutoa dawa, hilo halina ubishi. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona kuvu likizuia vijidudu kukua katika sahani yake ya maabara, na mwisho wa safari hiyo ikapatikana penisilini. Basi anayesema kuvu lina dawa hajatudanganya kwa hilo. Tunalouliza ni hili: kuvu gani, dawa ya ugonjwa gani, kwa kipimo gani, na nani amepima?

WACHINA NA UYOGA WAO

Wachina ni jirani zetu wa siku nyingi. Kituo cha reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wao kati ya mwaka 1970 na 1975, hakiko mbali na Buguruni. Madaktari wao walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Mwaka 1987 wataalamu wa tiba ya asili kutoka China walianza kushirikiana na wenzao wa Muhimbili kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba ya Kichina. Na tangu miaka ya 1990, watu binafsi kutoka China wamefungua vyumba vyao vya tiba katika mitaa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo dawa ya Kichina si mgeni kwetu.

Katika vitabu vyao vya tiba uyoga una nafasi ya heshima. Kitabu cha kale kiitwacho Shennong Bencao Jing, chenye umri wa karibu miaka 2,000, kinataja aina 6 za uyoga wa jamii ya zhi, kikizigawa kwa rangi. Baadaye mganga Li Shizhen aliandika kitabu kikubwa cha dawa, Bencao Gangmu, kilichochapishwa mwaka 1596, na humo pia uyoga umo. Aina zinazosikika sana ni hizi:

Lingzhi. Huu ndio ulio katika kahawa na vidonge vingi vinavyouzwa mitaani. Ni mgumu kama ubao, una rangi ya wekundu wa kahawia, na juu unang'aa kama umepakwa vanishi. Ni mchungu. Hauliwi kama mboga. Huchemshwa, au husagwa. Toleo la mwaka 2000 la kitabu rasmi cha dawa cha serikali ya China liliuingiza kuwa dawa ya kutuliza mwili na kusaidia kikohozi na pumu.

Fuling. Huu huota chini ya ardhi katika mizizi ya misonobari, ukawa donge kubwa kama kiazi. Kwa kawaida waganga wa Kichina huutumia pamoja na dawa nyingine. Katika dawa yao mashuhuri iitwayo Sijunzi tang, yaani dawa ya mabwana wanne, fuling huchanganywa na mizizi mingine mitatu kwa mgonjwa mwenye tumbo dhaifu.

Xianggu, ambao wengi wanaujua kwa jina la Kijapani, shiitake. Huu ni mboga tamu na ni dawa pia. Wang Zhen, katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 1313, alieleza jinsi wakulima walivyokata magogo, wakayatia makovu kwa shoka na kuyaacha kivulini hadi uyoga utoke. Hebu fikiri: miaka zaidi ya 700 iliyopita mkulima wa China alikuwa na bwana shamba wa kumwandikia juu ya uyoga!

Mu'er, yaani sikio la mti. Ni mweusi, laini, kama sikio la mtu. Wa jamii yake huota pia katika magogo yaliyooza ya misitu yetu wakati wa mvua.

Kuna jambo moja hapa ambalo muuza mkoba halisemi. Katika tiba ya Kichina yenyewe, uyoga si dawa ya kila mtu na kila ugonjwa. Mganga humtazama mgonjwa ulimi, humshika mshipa, humwuliza anavyolala na anavyokula, kisha humpangia mchanganyiko wake. Mgonjwa wa pili mwenye malalamiko yale yale aweza kupewa mchanganyiko mwingine. Basi unga mmoja unaouzwa kwa watu wote, kwa maradhi yote, hata Wachina wa kale wasingeutambua kuwa ni dawa yao.

NGUVU YAKE NI NINI, NA IMEPIMWAJE?

Wataalamu wameuchunguza uyoga huu maabara. Ndani yake mna nyuzinyuzi za sukari ndefu ziitwazo beta-glukani. Chembe za damu zinazolinda mwili huzitambua nyuzinyuzi hizo kama dalili kwamba kuvu limeingia, nazo huamka, mfano wa mgambo aliyesikia filimbi. Ndiyo sababu husemwa kwamba uyoga "unaongeza kinga". Lingzhi una pia vitu vichungu viitwavyo triterpeni, ambavyo katika sahani za maabara vimeonyesha nguvu za namna mbalimbali.

Lakini, ndugu msomaji, sahani ya maabara si mwili wa binadamu. Hata jiki huua chembe za saratani katika sahani, wala hakuna anayeinywa. Hivyo lazima dawa ipimwe kwa wagonjwa.

Japani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1977 serikali yao ilikubali dawa iitwayo Krestin, iliyotolewa katika uyoga wa magogo, na mwaka 1985 ikakubali lentinani, iliyotolewa katika shiitake. Angalia vizuri: hizi hazikuwa unga wa uyoga. Zilikuwa ni kitu kimoja kilichochujwa, kikapimwa, kikatolewa na madaktari pamoja na matibabu ya kawaida ya saratani. Hazikuchukua mahali pa matibabu hayo.

Na lingzhi je? Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima ushahidi wa tiba duniani, lilitoa taarifa yake mwaka 2012 na kuirudia mwaka 2016. Yalipatikana majaribio 5 tu yaliyofaa, yenye wagonjwa wa saratani 373. Waliopewa lingzhi pamoja na matibabu ya hospitali walionyesha nafuu zaidi kidogo kuliko waliopata matibabu ya hospitali peke yake. Lakini majaribio yenyewe hayakuwa imara, na hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuufanya lingzhi uwe tiba ya kwanza ya saratani. Mwaka 2015 shirika hilo hilo lilitazama majaribio mengine 5 yenye watu 398, wengi wao wenye kisukari. Jibu lilikuwa kwamba ushahidi hauungi mkono kuutumia lingzhi kushusha sukari, presha na mafuta ya damu kwa watu hao.

Msije mkadhani twaidharau dawa ya Kichina. La hasha. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati chanzo chake ni mmea wa Kichina uitwao qinghao. Bibi Tu Youyou na wenzake waliusoma katika vitabu vya kale, wakaujaribu kwa njia nyingi, na mwaka 1972 wakapata dawa yenyewe, artemisinini. Mwaka 2006 Tanzania iliichagua dawa mseto yenye asili hiyo kuwa dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida, na mwaka 2015 Bibi Tu alipewa tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo safari ya dawa: kutoka kitabu cha kale, kwenda maabara, kwenda kwa wagonjwa wa majaribio, kisha zahanati. Uyoga wa lingzhi bado uko njiani. Muuza mkoba anataka tuamini kwamba umekwisha kufika.

"JE, NIACHE VIDONGE?"

Mama mmoja wa hapa Buguruni alituuliza swali hili katika mkutano wa kikundi chao. Ana kisukari. Ameuziwa unga wa uyoga kwa fedha ambazo zingemtosha kununua mboga za wiki nzima, na akaambiwa aache vidonge vya hospitali ili "dawa zisigombane".

Mama yangu, jibu ni hapana. Usiache vidonge. Na wewe msomaji mwenye presha, mwenye kifua kikuu, au unayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, jibu ni hilo hilo. Ukiacha dawa za kifua kikuu katikati, vijidudu hujifunza kuzishinda, na mara ya pili ugonjwa huwa mgumu zaidi kutibika. Ukiacha dawa za VVU, virusi huongezeka tena kimya kimya, wakati wewe unajiona mzima. Kisukari nacho kikiachwa hula macho, figo na miguu bila kupiga hodi.

Liko na jambo la pili. Kitu chenye nguvu ya kusaidia kina nguvu ya kudhuru pia. Mwaka 1980 daktari Dale Hammerschmidt wa Minnesota, Marekani, alieleza kwamba uyoga mweusi wa mu'er katika chakula cha Kichina ulipunguza uwezo wa damu kuganda. Lingzhi nao unashukiwa hivyo. Basi mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, au mama mjamzito, asiutumie bila kumwambia daktari. Zimeripotiwa pia habari za watu walioumia ini baada ya kutumia unga wa lingzhi. Na shiitake ukiliwa mbichi, wengine huwatoka vipele vyenye mistari mwilini kama waliochapwa fimbo. Dawa yake ni kuupika mpaka uive sawasawa.

Kama unautumia tayari, usimfiche daktari kwa kuogopa kukemewa. Chukua kopo lenyewe, nenda nalo kituo cha afya, mwonyeshe. Hakuna aibu.

UYOGA WA KISIKINI

Baada ya kusikia bei ya lingzhi, wako walioanza kutazama visiki vya miembe na magogo ya uani. Ni kweli kwamba ndugu za lingzhi huota hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuuchunguza uyoga wa Tanzania kwa miaka mingi. Mwaka 2003 kilitoka kitabu kizima juu ya uyoga wetu, kilichoandikwa na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini pamoja na Leonard Mwasumbi wa chuo hicho. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa, wa chuo hicho pia, aliandika jinsi watu wanaoishi kando ya Serengeti na Ngorongoro wanavyoupa uyoga majina na kuutumia kwa chakula na dawa. Kumbe nasi tuna elimu yetu.

Hata hivyo, usichume uyoga wa kisikini ukausaga kuwa dawa. Sababu ni tatu.

Kwanza, jamii ya lingzhi ina aina nyingi zinazofanana sana. Hata wataalamu walichanganya lingzhi wa China na ule wa Ulaya chini ya jina moja, mpaka mwaka 2012 ndipo wa China ulipopewa jina lake rasmi la kitaalamu. Wewe na mimi tutautambuaje kwa macho?

Pili, uyoga hunyonya madini mazito kama risasi na kadmiamu kutoka mahali ulipoota. Kisiki kilicho kando ya Barabara ya Mandela, yanakopita malori usiku na mchana, au karibu na maji machafu ya Mto Msimbazi, si mahali pa kuchumia dawa. Na uyoga ukikaushwa, sumu yake haikauki. Hubaki humo humo.

Tatu, hii ni kwa uyoga wa porini wote: hakuna kipimo cha nyumbani cha kutambua sumu. Wengine husema weka kijiko cha fedha, au kitunguu, au tazama kama wadudu wanaula. Hayo yote si kweli. Wadudu hula uyoga ambao humwua mtu. Tena uyoga mbaya kuliko wote hauumizi papo hapo. Tumbo huanza kuuma saa 6 hadi 24 baada ya kula, wakati sumu imekwisha kufika kwenye ini. Mzee wa Iringa au Tabora aliyefundishwa na mama yake uyoga wa vichuguu anajua anachochuma. Sisi wa mjini tusijaribu kwa kubahatisha.

BASI TULIME UYOGA GANI?

Sasa tumefika kwenye kazi yetu. Ushauri wetu ni huu: lima uyoga mamama, uuze kama chakula. Lingzhi uache kwanza. Si kwa sababu ya joto, maana joto la Dar es Salaam unalipenda. Lakini huchukua miezi, hutaka vumbi la mbao ngumu lililochemshwa kwa nguvu ya mvuke mkubwa, na hata ukivuna vizuri huwezi kuuza dawa bila kibali. Mamama, kinyume chake, huanza kuvunwa kama mwezi mmoja au mwezi na nusu baada ya kupanda, na mnunuzi wake ni yeyote mwenye sufuria.

Faida yake kwa mwili si ya kutilia chumvi, lakini ni ya kweli. Ukikaushwa, karibu robo ya uzito wake ni utomwili, yaani protini. Una nyuzinyuzi, una vitamini za jamii ya B, na una mafuta kidogo sana, hivyo wamfaa hata yule mama mwenye kisukari, kama mboga. Zile beta-glukani zinazosifiwa katika lingzhi, hata mamama unazo.

Mali ghafi haitusumbui. Buguruni hatuna mashamba ya mpunga, lakini sokoni hubaki majani makavu ya migomba yaliyofungia ndizi, na mabua ya mpunga yaweza kuletwa kutoka bonde la Ruvu. Kwa wenzetu wa Tanga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameonyesha kwamba hata takataka za mkonge huotesha uyoga. Maranda nayo yafaa, ila jihadhari: usitumie ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Sumu ya mbao itaingia katika uyoga, na kutoka katika uyoga itaingia kwa mtoto wako.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Chagua majani makavu yasiyo na ukungu. Yakatekate vipande vya sentimeta 3 hadi 5.

2. Yaloweke katika maji safi usiku mmoja. Asubuhi yachuje.

3. Tia maji kidogo katika pipa, weka mawe au chanja chini, kisha panga majani yakiwa ndani ya gunia juu yake. Funika. Yapige mvuke kwa saa 2 tangu maji yalipoanza kuchemka. Shabaha ni kuua ukungu mwingine utakaogombea chakula na uyoga wako.

4. Yapoze juu ya turubai safi. Kisha fanya kipimo cha mkono: shika konzi moja, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, yafaa. Yakichuruzika, yaanike kidogo kivulini.

5. Osha mikono kwa sabuni, funga madirisha, usiongee juu ya mfuko. Panga majani ndani ya mfuko wa plastiki kwa tabaka, na kila tabaka nyunyiza mbegu. Gramu 30 hadi 50 za mbegu zatosha kilo 1 ya majani yaliyolowa. Funga mdomo wa mfuko, toboa matundu madogo ubavuni. Mwulize afisa kilimo wa kata mahali pa kupata mbegu safi, tena mwambie unataka aina inayovumilia joto la pwani.

6. Weka mifuko katika chumba cha giza kwa wiki 2 hadi 4, mpaka utando mweupe uenee mfuko mzima. Mfuko ukionyesha rangi ya kijani au nyeusi umeingiwa na ukungu mwingine. Utoe siku hiyo hiyo, ukaufukie mbali.

7. Sasa ruhusu mwanga hafifu na hewa, na panua matundu. Mwaga maji sakafuni, tundika magunia mabichi ukutani, na nyunyiza maji mara 2 au 3 kwa siku. Weka wavu madirishani kuzuia vijinzi.

8. Vichwa vikishatokeza, baada ya siku 3 hadi 5 utavuna. Vuna kabla kingo za kofia hazijapinduka kwenda juu, kwa kuuzungusha uyoga taratibu. Ukichelewa, humwaga vumbi laini jeupe ambalo huwasha kifua. Hivyo funga kitambaa puani, na watoto wasilale katika chumba hicho. Mfuko mmoja huvunwa mara 3 hivi.

Ukitumia kilo 10 za majani makavu na ukatunza vizuri, tegemea kupata kilo 5 hadi 8 za uyoga mbichi. Anayekuahidi mara tatu ya hapo anataka kukuuzia mbegu. Kwa anayeanza, anza na mifuko 10, tena miezi ya Juni hadi Agosti ambapo joto la Dar es Salaam limepungua. Ukishajua tabia ya chumba chako, ndipo uongeze.

Uyoga mbichi hauwekeki. Usipouza siku ile, uanike juani juu ya chanja safi, ukiutandaza kwa upande wa mapezi kutazama juu. Jua huzalisha vitamini D ndani yake. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu, nayo ukiiweka katika chombo kisichopitisha hewa hudumu miezi.

UKIUZA, SEMA NINI?

Sema: "Ni mboga safi, nimeilima mwenyewe, imechumwa asubuhi." Usiseme: "Inatibu." Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, imeweka Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mtu asiyesajiliwa akiuza uyoga kwa jina la dawa, amejiweka matatani. Lakini hata pasingekuwa na sheria, kuna jirani yako. Ukimwambia mgonjwa mboga yako inatibu, naye akaacha vidonge, utakuwa umeuza kitu kizuri kwa neno baya. Na mnunuzi nawe ukiambiwa dawa inatibu kila kitu, mwulize muuzaji akuonyeshe usajili wake. Akianza kukunja uso, kunja na wewe noti zako.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Uyoga wa Wachina una historia ya kweli na una vitu vya kufaa mwili, lakini haujathibitika kuwa mbadala wa dawa za hospitali. Usiache vidonge kwa ajili yake, na ukiutumia mwambie daktari. Usichume uyoga usioujua, hata ukiona unang'aa. Lima mamama kwa majani safi, vumbi lake lisikuingie puani, na uuze kama chakula.

Vikundi vya akina mama na vijana wenye chumba kimoja kitupu, wakutane, wachange mifuko 10, wamwite afisa kilimo wa kata awaonyeshe hatua ya mvuke na ya kupanda, maana hizo mbili ndizo huwashinda wengi. Katika somo lijalo tutaeleza magonjwa na wadudu wa uyoga, na namna ya kugeuza mifuko iliyokwisha kuvunwa kuwa mboji ya mchicha.

Mpaka hapo, ndugu mkulima, kazi njema.